Pumzi, Njuga na Mikwaruzo: Uhalisia wa Sauti Katika Muziki Unaorekodiwa Arusha

Nyimbo za vijana wa Kiarusha na Kimaasai, kuanzia Oldonyo Sambu hadi Monduli, hazina ngoma. Kiongozi wa wimbo, ambaye kwa Kimaa huitwa olaranyani, hutoa mstari wake. Wenzake humjibu kwa sauti nzito ya kooni, na pumzi zao zikivutwa na kutolewa kwa pamoja ndizo zinazoshika mwendo ambao kwa makabila mengine hushikwa na ngozi ya ngoma. Juu ya pumzi hizo huja kishindo cha miguu ya anayeruka, mlio wa njuga, na kwa wanawake mgongano wa shanga na vipande vya bati vinavyoning'inia kwenye mikufu mipana inayorushwa kwa mabega. Wimbo kama huo ukiingia studio, fundi akaamua kuondoa pumzi, kishindo na mlio wa bati ili zibaki sauti za waimbaji peke yake, atakuwa amefuta mapigo ya wimbo wenyewe na kubakiza maneno.

Swali linaloinuka hapo ni pana kuliko Wamaasai na kuliko Arusha. Kila ala inayopigwa kwa mkono, kwa mdomo au kwa mguu hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja: ile ambayo mwalimu wa muziki anaweza kuiandika kama noti, na ile ya kidole, ya mti, ya chuma, ya ngozi na ya mwili wa mpigaji. Rekodi inapotengenezwa, mtu fulani huamua ni kiasi gani cha hiyo sauti ya pili kitamfikia msikilizaji. Makala hii inachambua uamuzi huo: kelele zenyewe ni za aina gani, sikio linazitumiaje, mitambo ya kurekodi imezitendeaje tangu zama za nta, na studio za Arusha zinapaswa kufanya nini leo. Msimamo wangu ni huu: sauti inayotoka kwenye mkono, pumzi na mwili wa ala ni sehemu ya muziki na ina haki ya kubaki, sauti ya mtambo na umeme iondoke, sauti ya mahali ipimwe kwa kadiri ya kusudi la rekodi. Na anayepima asiwe fundi peke yake.

Aina nne za kelele

Kelele ya kwanza huwekwa na mtengenezaji wa ala kwa makusudi. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma ndiyo mfano ulio wazi zaidi katika Tanzania. Vyuma vyake huzungushiwa vipete vidogo vinavyotikisika, na kwenye ubao hutobolewa tundu linalofunikwa kwa utando wa buibui. Kidole kinapobonyeza chuma, utando hutetemeka na noti husindikizwa na mvumo mwembamba kama wa nyuki. Kwa mpigaji wa Kigogo, ilimba isiyo na mvumo huo bado haijakamilika. Wachopi wa Msumbiji huweka utando wa namna hiyo kwenye vibuyu vya timbila zao. Waganda huacha nyuzi za endongo ziguse ngozi ya kenge iliyowambwa kwenye bakuli la ala, ili kila noti itoke na mkwaruzo. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ubao wa ala, huku njuga zikilia mguuni. Vidole vya mikono vikipiga nyuzi nane, mguu mmoja unakuwa ngoma. Fundi anayeona pete hiyo inamvurugia nyuzi na kuomba ivuliwe, anaomba nusu ya ala itolewe nje.

Aina ya pili hutoka mwilini mwa mpigaji bila kupangwa. Ni mlio wa vidole vinavyoteleza juu ya nyuzi za gitaa zilizosokotwa kwa waya, mkwaruzo wa upinde wa zeze, hewa inayopita pembeni ya tundu la filimbi. Ni mvuto wa pumzi wa mwimbaji kabla ya mstari mrefu, na mlio wa vitufe na mivukuto ya kodiani katika taarab ya Unguja na Mombasa. Duniani kote wanamuziki wamehangaika nayo. Wapiga gitaa wengi wa studio walichagua nyuzi zenye waya bapa ili vidole visilie. Kwa upande mwingine, mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, anasikika akiguna na kuimba chini ya noti za Bach katika rekodi zake, na rekodi hizo zimeendelea kupendwa pamoja na miguno yake.

Aina ya tatu ni sauti ya mahali. Arusha inazo nyingi: mvua ya masika juu ya bati kati ya Machi na Mei, bodaboda, majogoo, watoto wanaochungulia dirishani, ndege ndogo za watalii zinazoruka kutoka uwanja wa Kisongo kuelekea Serengeti. Mwangwi wa kanisa la mawe na ukavu wa chumba kilichojaa magodoro ni wa aina hii pia. Mahali huacha alama kwenye kila sauti hata pale ambapo hakuna jogoo wala pikipiki.

Aina ya nne ni ya mtambo: mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 unaoingia kupitia waya mbovu, feni ya kompyuta, jenereta, mchakacho wa kanda, upepo uliopiga kinasa sauti cha simu, na ule mtetemo wa majimaji unaosikika kwenye faili la muziki lililobanwa kupita kiasi. Kelele hizi hazina uhusiano na mwanamuziki. Hakuna hoja ya kuzitetea, isipokuwa katika rekodi za kale ambazo kuzisafisha kwa pupa kunaweza kuharibu kilichobaki.

Tatizo kubwa la studio za sasa ni kwamba programu za kusafisha sauti hazizijui aina hizi nne. Programu hupewa kipande cha kelele kama mfano, kisha hupunguza kila kitu kinachofanana nacho. Pumzi ya mwanadamu, mlio wa njuga, mchakacho wa kayamba na mkwaruzo wa upinde vyote vimetawanyika kwenye masafa mengi kwa pamoja, sawasawa na mchakacho wa kanda na upepo wa feni. Mashine inaposikia feni na kusikia koo la mwimbaji wa Kimaasai, inaona vitu viwili vya ukoo mmoja. Kinachoweza kuvitenganisha ni sikio la mtu anayeujua wimbo.

Sikio linachotafuta

Mwaka 1948 huko Paris, Pierre Schaeffer, aliyekuwa fundi wa redio, alirekodi mlio wa kengele na kuukata mwanzo wake, ule mgongano wa chuma kwa chuma. Kilichobaki hakikusikika tena kama kengele, kilikaribia filimbi. Majaribio ya miaka ya 1960 kwa ala nyingine yalionyesha jambo lilo hilo: ukiondoa mwanzo wa noti, hata wanamuziki wenye uzoefu huanza kuchanganya ala moja na nyingine. Mwanzo huo hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde na umejaa vurugu: ukucha unaoachia uzi, kiganja kinachopiga ngozi, ulimi unaofungua hewa. Vurugu hiyo ndiyo inayolijulisha sikio kwamba hili ni zeze na lile ni gitaa, na kwamba anayepiga ana mkono mzito au mwepesi.

Kwa hiyo kelele za ala hufanya kazi tatu. Zinaitambulisha ala. Zinamtambulisha mtu, kwa sababu hakuna wapigaji wawili wanaoteleza vidole sawasawa. Na zinatangulia kueleza kinachokuja: pumzi inayovutwa humwandaa msikilizaji kwa mstari, na kwa waimbaji wenyewe ndiyo ishara ya kuingia pamoja. Kwaya isiyo na mwongozaji huingia kwa pumzi. Katika nyimbo za Kimaa kazi hiyo ya tatu imekuzwa mpaka ikawa mhimili, ndiyo maana hasara ya kuisafisha ni kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mpiga piano wa Kanada.

Hata hivyo, kuwa na kelele nyingi hakumaanishi kuwa na uhalisia mwingi. Maikrofoni iliyowekwa sentimita kumi kutoka mdomoni husikia mate, ulimi na midomo ikifunguka, mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia akiwa amekaa kwenye benchi la kanisa. Mafundi wengi kisha hupitisha sauti hiyo kwenye kompresa, kifaa kinachoshusha kilicho juu na kuinua kilicho chini, na pumzi iliyokuwa ndogo inakuwa kubwa kama neno. Rekodi ya namna hiyo inadanganya kama ile iliyosafishwa mpaka ikakauka. Kuna uhalisia wa aliyekaa mbali na kuna uhalisia wa anayepiga, ambaye ala iko kifuani pake. Katika ngoma nyingi za asili upo pia uhalisia wa tatu, wa aliye ndani ya duara. Nyimbo za kuruka za vijana wa Kimaasai hazikutungwa kwa hadhira iliyopangwa viti mbele. Aliye nje ya duara anasikia migongo. Maikrofoni inayoinuliwa mbele ya kikundi kilichojipanga mstari mmoja kwa ajili ya watalii inarekodi tukio jingine kabisa, hata kama kila pumzi imebaki.

Mitambo iliyopita na ilichokipoteza

Rekodi za mwanzo katika nchi hii zilifanywa kwenye mitungi ya nta. Hifadhi ya sauti ya Berlin ilianzishwa mwaka 1900, na mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani akiwa na mtambo wa nta. Mwimbaji alilazimika kusogeza uso kwenye pembe ya mtambo. Sauti kubwa na za kati ziliingia. Njuga, pumzi na mlio wa shanga zilizama chini ya mkwaruzo wa nta yenyewe. Wasikilizaji wa Ulaya waliosikia nyimbo hizo walisikia mifupa ya muziki wetu, na haishangazi kwamba baadhi yao walidhani hauna nyama.

Maikrofoni ya umeme ilienea kwenye biashara ya sahani za santuri mwaka 1925. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na wenzake waliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kuirekodia kampuni ya His Master's Voice, walikuta tayari teknolojia inayoweza kusikia udi na fidla kwa ukaribu. Lakini upande wa sahani ulibeba dakika tatu hivi tu, na wimbo uliozoea kutambaa usiku kucha ukapunguzwa ili uenee. Kila mtambo mpya ulitoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine.

Mtu ambaye kazi yake inastahili kutazamwa kwa makini ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini mwaka 1954. Mwaka 1950 alipita Tanganyika akiwarekodi Wagogo, Wahehe, Wanyamwezi, Wahaya, Wazaramo na wengine. Alisafiri na lori lenye mtambo wa kanda na jenereta. Jenereta iliwekwa mbali, ikaunganishwa kwa waya mrefu, ili mngurumo wake usiingie. Maikrofoni aliishika mwenyewe mkononi, akiisogeza kutoka kwa mpigaji hadi kwa waimbaji kadiri wimbo ulivyoendelea. Tunaposikiliza ilimba zake leo, mvumo wa utando umo, vidole vimo, hata pumzi imo. Tracey alitenganisha kelele ya mtambo na kelele ya ala miaka mingi kabla ya kompyuta, na alifanya hivyo kwa umbali wa waya na mwendo wa mkono. Ila tusisahau kwamba mkono ule ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeamua nani asogelewe na wimbo ukatwe wapi, na wenye nyimbo hawakuulizwa namna tunayotarajia waulizwe leo.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na chombo kilichoitwa Radio Tanzania Dar es Salaam baada ya 1965 ndicho kilichokuwa studio kuu ya nchi kwa zaidi ya miaka 20. Bendi, vikundi vya ngoma na kwaya viliingia chumba kimoja na kupiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Hapakuwa na nafasi ya kumrekodi kila mtu peke yake na kumsahihisha baadaye. Aliyekosea, wimbo ulirudiwa na wote. Ndiyo maana maelfu ya kanda za maktaba ile yamebeba chumba: ngoma inasikika ndani ya maikrofoni ya mwimbaji, na mwimbaji ndani ya maikrofoni ya ngoma. Kaskazini, kituo cha Sauti ya Injili mjini Moshi kilirekodi vipindi na kwaya kwa ajili ya redio ya Kilutheri iliyorusha kutoka Addis Ababa kati ya 1963 na 1977, na sauti za kwaya za Kilimanjaro na Meru zikafika mbali kupitia hapo.

Kisha ikaja kompyuta. Kuanzia miaka ya 1990 studio ndogo zilifunguliwa Dar es Salaam na baadaye Arusha, na kijana asiye na bendi aliweza kutoa wimbo. Hiyo ilikuwa faida ya kweli na sitaipunguza. Lakini utaratibu wa kazi uligeuka: biti hutengenezwa kwanza, kila sauti huingizwa peke yake, na chumba hakirekodiwi tena.

Arusha ya leo

Mji huu una sababu zake za kulishughulikia swali hili. Ni mji wa hip hop, ni mji wa kwaya, ni mji wa utalii, na umezungukwa na jamii ambazo muziki wao umejengwa juu ya koo na pumzi.

Kundi la X Plastaz lilionyesha mapema kwamba pande hizi zinaweza kukutana. Vijana hawa wa Arusha walimshirikisha mwimbaji wa Kimaasai, Yamat Ole Meibuko aliyejulikana kama Merege, na mwaka 2004 albamu yao iliyoitwa Maasai Hip Hop ilitolewa na kampuni ya OutHere ya Ujerumani. Uzito wa kazi ile kwa mada yetu ni kwamba sauti ya Merege haikulainishwa ifanane na uimbaji wa redio. Koo lake liliachwa na ukali wake, na biti likampisha. Tangu hapo wengi wameiga wazo hilo kwa njia rahisi zaidi: kipande kifupi cha mguno wa Kimaasai hukatwa, hurudiwa kwa kipimo cha kompyuta, na huwekwa chini ya wimbo kama pambo. Mguno unapojirudia bila kubadilika hata chembe, pumzi inakuwa alama isiyo na mtu ndani yake.

Kwa upande wa kwaya mabadiliko ni makubwa zaidi. Kuanzia sharika za mjini hadi zile za Dayosisi ya Meru kule Usa River, waimbaji hujifunza kuimba sauti nne wakiwa wamekaa pamoja, wakisikilizana. Studio nyingi ni chumba kidogo. Kwaya ya watu 40 haienei, hivyo huingizwa wachache wachache, wakivaa spika za masikioni na kuimba juu ya kinanda kilichokwisha pangwa. Kinachopotea hapo ni ule mvuto mmoja wa pumzi na ile hali ya sauti ya tatu kuinamia ya nne. Mwangwi wa kanisa huongezwa baadaye kutoka kwenye programu, wakati kanisa lenyewe, lenye dari na kuta zake, liko mtaa wa pili. Bendi za matarumbeta zinazosindikiza harusi juu ya gari la wazi nazo karibu hazirekodiwi kwa hali yake halisi. Vali zinazogonga, pumzi inayokatika mlimani na sauti inayorudi kutoka kwenye kuta za maduka ndizo zinazoitambulisha harusi ya Arusha, na zote huishia kwenye simu za wageni waalikwa.

Kinanda cha umeme kinastahili maelezo ya pekee, kwa kuwa kimeingia karibu kila kanisa. Mwaka 1991 watengenezaji wa vinanda duniani walikubaliana orodha moja ya sauti 128 ili muziki ulioandikwa kwenye kinanda kimoja upigike kwenye kingine. Katika orodha hiyo namba 121 ni mlio wa vidole kwenye shingo ya gitaa, na namba 122 ni pumzi. Wahandisi walifahamu kwamba gitaa la kielektroniki lisilo na vidole halishawishi, wakaweka vidole kwenye kitufe cha pembeni. Programu za siku hizi zimekwenda mbali zaidi: kila noti imerekodiwa mara nyingi kwa nguvu tofauti, na mkwaruzo huingizwa wenyewe kwa bahati nasibu ili msikilizaji asigundue mashine. Fundi mmoja anaweza leo kufuta pumzi halisi ya mwimbaji wa Ngaramtoni asubuhi, na mchana akalipia programu inayoongeza pumzi za watu wa Berlin au Los Angeles. Fedha na muda vinatumika mara mbili kwa hasara ya wimbo.

Simu za mkononi zimefanya jambo hilohilo kwa watu wengi zaidi. Simu imetengenezwa ili neno lisikike kwenye kelele za stendi. Hupandisha na kushusha sauti yenyewe, na hukandamiza mlio wowote unaodumu usiofanana na maneno. Kayamba, njuga na mvumo wa ilimba huangukia hapo. Video ya harusi au jando inayozunguka kwenye WhatsApp imechujwa na simu, kisha ikabanwa tena na mtandao, na masafa ya juu ambamo bati na shanga huishi yamepungua sana. Kizazi kinachojifunza nyimbo kutoka kwenye video hizo kinajifunza toleo lililopungukiwa.

Hoja za wanaotaka usafi

Ingekuwa dhuluma kuwasema mafundi na wanakwaya kana kwamba hawana masikio. Wana hoja, na tatu kati yake zina nguvu.

Ya kwanza ni ya heshima. Kwa miaka mingi muziki wa Kiafrika ulitolewa kwenye rekodi hafifu huku muziki wa Ulaya ukitolewa kwa vyombo bora. Kwaya inayochanga fedha kwenda studio inataka isikike safi kama kwaya yoyote duniani. Hiyo ni haki yake. Rekodi chafu haipaswi kugeuzwa kuwa kitambulisho cha Mwafrika.

Ya pili ni ya soko. Wimbo utasikika kwenye daladala, kwenye redio ya duka na kwenye spika ya simu. Kelele ndogo zitazama au zitageuka kero, na fundi anayechanganya sauti kwa ajili ya daladala anafanya kazi yake.

Ya tatu ni ya uzito zaidi. Wapo wageni wanaopenda muziki wetu kwa sharti kwamba ubaki mkavu na wenye vumbi, na hukasirika mwanamuziki wa asili akigusa kompyuta. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, yenye ala na sauti za asili. Mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na mwanamuziki Michael Brook, ikiwa na magitaa na mitambo ya elektroniki. Alikuwa huru kufanya yote mawili, na hakuna aliye na mamlaka ya kumwambia kwamba ya pili haikuwa yake.

Ninazikubali hoja hizi, na bado hazifiki mahali pa kuhalalisha utaratibu wa sasa. Heshima hudai chombo bora na chumba tulivu. Haidai kufutwa kwa pumzi, kwa maana rekodi ghali kuliko zote za Ulaya zimejaa pumzi za waimbaji wake. Soko linaweza kupewa toleo lake bila faili la asili kutupwa. Na uhuru wa Zawose ulikuwa uhuru kwa sababu alijua anachokiacha na anachokiongeza. Mzee wa Oldonyo Sambu anayeletewa wimbo uliokwisha safishwa, bila kuonyeshwa kilichoondolewa, hajapewa uhuru huo.

Yanayowezekana sasa

Mengi ya yanayotakiwa hayahitaji vyombo vipya. Kikundi kisikilizwe kwanza bila maikrofoni, na fundi aulize: ni kipi hapa ambacho kikikosekana wimbo unakufa? Jibu litamshangaza mara nyingi. Kundi la kuruka lirekodiwe katika duara, maikrofoni zikiwa ndani au juu ya duara, na nyingine moja ikisimama mbali ili ibebe ardhi na mahali. Kwaya irekodiwe kanisani usiku, bodaboda zikipungua, friji na feni zikizimwa na mitambo ikitumia betri. Sekunde 30 za ukimya wa chumba zirekodiwe kabla ya wimbo. Hizo ndizo zitakazoifundisha programu mvumo wa umeme bila kuichanganya na njuga.

Faili la asili lihifadhiwe bila kubanwa, na nakala yake ikabidhiwe kwa kikundi pamoja na majina ya waimbaji, mahali na tarehe. Anayetumia simu atafute programu ya kurekodi inayomruhusu kuzima marekebisho ya sauti, afunike kinasa sauti kwa kitambaa chepesi dhidi ya upepo, na atume faili lenyewe badala ya ujumbe wa sauti. Vyuo navyo vina sehemu yao. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilicho kando ya barabara ya Moshi chini ya mlima, kinafundisha muziki. Somo la kurekodi ala za Kitanzania kwa kuzingatia kelele zake lingefaa kukaa sawa na somo la noti. Kenya imetuonyesha njia: Ketebul Music ya Nairobi, katika mradi wa Singing Wells ulioanza mwaka 2011, ilibeba studio ikaenda vijijini badala ya kuwaleta wazee kwenye chumba wasichokizoea.

Hukumu yangu inabaki pale ilipoanza. Rekodi ya kweli ni ile ambayo wenye muziki wakiisikia wanajitambua humo, na kelele za mkono, koo na ala ni sehemu kubwa ya utambuzi huo. Wazee wanaojua pumzi ipi ni ya wimbo na ipi ni ya uchovu bado wako nasi, kwenye miteremko ya Meru na tambarare za Monduli. Ewe fundi wa studio, kabla hujabonyeza kitufe cha kusafisha, mwite mmoja wao akae kando yako, msikilize pamoja, naye akuambie nini kibaki.